Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Mawaziri: majibu yenu niliyaandika mimi, sasa naomba tarehe

Waheshimiwa Mawaziri, na wewe Mheshimiwa Spika unayewasimamia ukumbini,

Nawasalimu kwa heshima. Wengi wenu ni wadogo zangu kwa umri, lakini kiti mnachokalia kinanifanya nisimame ninapozungumza nanyi, kama nilivyosimama miaka yote ya utumishi wangu.

Niliajiriwa serikalini mwaka 1990, nikastaafu 2019. Kuanzia 2005 hadi 2016 nilikuwa kwenye dawati la Bunge la wizara moja ambayo sitaitaja, kwa sababu yaliyofanyika kwetu yalifanyika na kwa jirani. Kazi yangu ilikuwa kuandaa majibu ya maswali ya wabunge. Jibu ambalo waziri alilisoma asubuhi kwa sauti ya kujiamini lilikuwa limeandikwa saa saba za usiku katika nyumba ya wageni pale Dodoma, kompyuta ikiwa kitandani kwa sababu meza imejaa mafaili.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jibu nililolisikia redioni. Mbunge aliuliza ni lini barabara ya kwao itajengwa kwa kiwango cha lami. Akajibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, kwamba upembuzi yakinifu utafanyika, na kwamba ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Niliinuka nikazima redio. Maneno yale nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema usingizini. Niliyakuta wizarani nilipoingia na niliyaacha nilipotoka. Watu wangapi wamekaa miaka mingapi wakiyasubiri yageuke maji, dawa au daraja? Kwa sehemu yangu katika hilo, naomba radhi kwa Watanzania kabla sijawaomba ninyi chochote.

Mwananchi wa kawaida haoni jibu linavyotengenezwa, kwa hiyo nitaeleza. Swali likitoka Ofisi ya Bunge linapitia Ofisi ya Waziri Mkuu, linafika wizarani, linagongwa mhuri wa kupokelewa, Katibu Mkuu anaandika pembeni: "Mkurugenzi wa Sera na Mipango, andaa." Linashuka ngazi kwa ngazi mpaka mezani kwangu. Mimi napiga simu halmashauri. Mkurugenzi yuko safarini, mhandisi yuko saiti, karani anatafuta faili. Takwimu zinakuja kwa simu, nyingine kwa ujumbe mfupi usio na chanzo. Naandika rasimu. Mkuu wangu anakata, mkurugenzi anakata, Katibu Mkuu anakata, Naibu Waziri anaisoma ndani ya gari akielekea ukumbini. Kila anayekata anaondoa kitu ambacho kingeweza kumfunga mtu. Tarehe ndiyo huondoka kwanza. Kiasi cha fedha kinafuata. Jina la afisa anayewajibika halikuwahi kufika rasimu ya pili.

Kinachobaki ndicho mnachokisoma.

Sitaki kuwavunjia heshima wabunge wa chama tawala. Wapo waliotukosesha usingizi, na nawakumbuka kwa majina. Lakini karatasi ikifika na jina la mbunge wa upinzani juu yake, mkurugenzi wangu alikuwa na neno moja ambalo kwa wengine hakulitumia. Alisema: "Hakikisheni." Kwa wengine tulipiga simu moja. Kwa huyo tulipiga tatu, na mara chache mno, lakini ilitokea, mtu alipanda gari akaenda kuangalia kwa macho. Hofu ile haikuwa ya swali la msingi. Ilikuwa ya maswali mawili ya nyongeza, ambayo hakuna aliyejua yatatoka upande gani.

Mwaka 2012 lilikuja swali la mradi wa maji wa kijiji kimoja. Halmashauri ilitupa taarifa kwamba mradi umekamilika kwa asilimia 95 na wananchi wanapata huduma. Nikaandika hivyo. Asubuhi ile sisi wataalamu tulikuwa tumekaa sehemu yetu, karatasi mkononi, tayari kumpelekea Naibu Waziri kidokezo akikwama. Akasoma jibu. Mbunge akasimama, akamshukuru Mheshimiwa Spika, akasema ana maswali mawili madogo ya nyongeza. La kwanza: pampu ya mradi huo ilinunuliwa tarehe gani? La pili: Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya kikao kile akayanywe maji hayo?

Nilitafuta pampu kwenye makaratasi yangu. Haikuwepo. Matenki yalikuwepo, mabomba yalikuwepo, vituo vya kuchotea maji vilihesabiwa kimoja kimoja, lakini chombo cha kuyapandisha maji hakikutajwa popote. Naibu Waziri alinitazama kutoka kule alikosimama. Mtazamo ule ninao mpaka leo. Akasema yuko tayari kwenda.

Akaenda, na hilo nampa sifa zake mpaka kesho. Tukakuta bomba zilizokauka na kina mama wanaopita kando yake na ndoo kichwani kuelekea mtoni. Pampu ilikuwa imelipiwa kwenye cheti cha malipo cha mkandarasi na haikuwahi kufika. Aliyesaini cheti alikuwa ameshahamishiwa wilaya nyingine. Faili likafunguliwa upya, mkandarasi akabanwa, na maji yakatoka mwaka uliofuata. Nilijiuliza usiku mwingi baada ya hapo: yule mbunge alijuaje? Alikuja kuniambia mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, kwamba habari ya pampu alipewa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye wanafunzi wake walichelewa darasani kila siku kwa sababu ya kuchota maji.

Ndiyo maana nawaambia, Waheshimiwa, mnapomjibu mbunge wa upinzani kwa kumpiga chenga, huyo aliyesimama si peke yake. Nyuma yake kuna mwalimu, kuna muuguzi aliyehesabu maboksi ya dawa yasiyofika, kuna karani wa mizani aliyeona lori linapita bila kupimwa. Watu hawa hawawezi kusema kwa majina yao, maana wana ajira na watoto. Wamemkabidhi swali mtu mwenye kinga ya Ibara ya 100 ya Katiba, inayomlinda kwa anachosema bungeni. Mkimnyamazisha yeye, mmewanyamazisha wao wote.

Na Katiba haikuliweka swali kama hisani. Ibara ya 63 inalipatia Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika njia za kutimiza kazi hiyo, ya kwanza kabisa kutajwa ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Imetajwa kabla ya bajeti, kabla ya mipango, kabla ya kutunga sheria, kabla ya mikataba. Waliouandika mstari ule walijua utaratibu wa kazi: kwanza uliza, ndipo uidhinishe.

Nilikuwa Dodoma Agosti 2007, wakati wa Spika Samuel Sitta, aliyependa kusema Bunge lake ni la kasi na viwango. Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, alisimama na hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini London. Aliomba iundwe kamati teule ichunguze. Swali lake lilikuwa rahisi kueleweka hata na bibi yangu kijijini: kwa nini mkataba wa dhahabu ya Tanzania usainiwe hotelini Uingereza, tena wakati Serikali imesema mikataba ya madini inapitiwa upya? Kamati haikuundwa. Aliyeuliza ndiye aliyesimamishwa, asihudhurie vikao mpaka Januari 2008, kwa madai kwamba amelidanganya Bunge aliposema waziri kasema uongo.

Sisi watumishi tuliokuwa pale tulitazamana tu. Lakini swali halikusimamishwa pamoja na muulizaji. Lilitoka nje, likazunguka mikoani. Novemba mwaka ule ule Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mmoja wa wajumbe wake akawa Zitto Kabwe. Mwaka 2010 ikapatikana Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Kuna watu wanaosema asilimia moja ni kitu kidogo. Mimi niliyewahi kuandika "kadiri fedha zitakavyopatikana" kwa zahanati isiyo na kitanda cha kujifungulia, sioni udogo wake.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Aliuliza kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu wakati wa mgogoro wa malipo ya umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, zaidi ya shilingi bilioni 300. Jibu la Serikali lilikuwa kwamba fedha zile si za umma. Humo humo ukumbini Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alimwita tumbili. Kafulila hakukaa. Akarudi na swali lile lile, kisha akarudi tena, mpaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakaingizwa, mpaka Kamati ya Hesabu za Serikali ikaleta taarifa yake Novemba. Kabla Januari 2015 haijaisha, Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu, Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka ameondolewa, na Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo amejiuzulu. Jambo ambalo lilisemwa si la umma liliondoka na viongozi watatu wa umma.

Katika dawati letu, mwezi ule wa Desemba 2014, nilishuhudia kitu ambacho hakikuandikwa na gazeti lolote. Wakurugenzi walianza kuomba majibu ya zamani. "Leteni yale tuliyosema mwaka juzi kuhusu mradi fulani, tuone kama bado ni kweli." Kwa miezi kama mitatu hivi wizara ilifanya kazi kama ninavyotamani ifanye siku zote. Wala hapakuwa na waraka ulioagiza hivyo. Kila mtu alijua tu kwamba kuna watu ukumbini wanaosoma, wanaokumbuka, na wasio na sababu ya kutuonea haya.

Kisha mambo yakaanza kupoa. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye TBC yalisimamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa gharama. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA na mmoja wa wauliza maswali wakali kuliko wote niliowahi kuwaandalia majibu, alipigwa risasi nje ya makazi yake Dodoma baada ya kutoka kikaoni. Siwezi kuandika barua kuhusu maswali ya Bunge nikaipita tarehe hiyo. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulipokwisha, CCM ilikuwa na majimbo 256 kati ya 264, na viti vya mawaziri vivuli, yaani wasemaji wa upinzani kwa kila wizara, havikuwa na watu. Wala si upinzani peke yake ulioonja. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa wa CCM yenyewe, alidai Waziri wa Kilimo amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Akatakiwa alete ushahidi, akauleta, na kwa kuuzungumzia mbele ya waandishi wa habari akafungiwa vikao 15.

Sasa vijana wenzangu wa zamani waliobaki kwenye madawati ya Bunge huniambia kazi imekuwa nyepesi. Simu moja inatosha. Neno "hakikisheni" limeadimika. Waheshimiwa, wepesi huo usiwafurahishe. Unamaanisha kwamba takwimu mnazosoma hazijakaguliwa na mtu yeyote, na kwamba ninyi mtakuwa wa mwisho kujua pampu haipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa waziri kifo hicho huja kwa njia ya taarifa ya CAG, miaka miwili baada ya fedha kuliwa.

Mtasema kuna wapinzani wanaouliza ili wapigiwe makofi na watu wao. Wapo, nimewaandalia majibu. Dawa yao ni jibu lililojaa. Mbunge aliyeuliza kwa kejeli akapewa tarehe, kiasi na hatua ya utekelezaji, hana pa kusimama tena. Nimeona wakikaa chini wakiandika. Mbunge yule yule akijibiwa "mchakato unaendelea," mmempa hotuba ya mkutano wa hadhara.

Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Kila jibu la swali la "ni lini" liwe na mwezi na mwaka. Kama fedha haipo, semeni haipo, mseme na kiasi kinachohitajika na mwaka wa bajeti mtakaoiombea. Mwananchi wa Tanzania anaelewa kukosa fedha kuliko mtu yeyote, yeye mwenyewe anaishi nako. Asichokielewa ni kuambiwa miaka minane mfululizo kwamba umuhimu wake unatambuliwa. Na pale mtakapogundua mlichosema hakikuwa sahihi, rudini ukumbini mseme hivyo, bila kusubiri mbunge aombe mwongozo wa Spika. Naibu Waziri yule wa mwaka 2012 hakupungukiwa na kitu kwa kwenda kuona bomba kavu. Kijiji kile kinamtaja kwa heshima mpaka sasa.

Kwako Mheshimiwa Spika nina ombi la pekee. India, Bunge lao la chini lina kamati ya kudumu tangu 1953 ambayo kazi yake ni moja tu: kupitia kila ahadi ambayo waziri ametoa ukumbini na kufuatilia kama imetekelezwa. Sisi ahadi zetu zinalala kwenye Taarifa Rasmi, Hansard, zikiwa zimechapwa vizuri, na hakuna anayelipwa kuziamsha. Naomba kila mkutano wa Bunge ufunguliwe kwa orodha ya ahadi zilizotolewa mkutano uliotangulia, kila moja na hali yake. Mimi na wenzangu wawili watatu wastaafu tungeifanya kazi hiyo bila posho.

Naomba pia mawaziri wenyewe waonekane. Najua Naibu Waziri ana mamlaka ya kujibu, lakini kuna maswali ambayo kwa uzito wake hayafai kuachiwa naibu aliyeteuliwa wiki tatu zilizopita. Jirani zetu Kenya wamejifunza hili kwa gharama. Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na baada ya 2013 maswali yakabaki kujibiwa kwenye kamati na kwa barua, mengine yakikaa miezi. Walipochoka, mwaka 2023 wakabadili kanuni ili mawaziri waje kusimama mbele ya Bunge siku za Jumatano. Wao wameutafuta mlango ambao sisi tunao wazi miaka yote, asubuhi za vikao na Alhamisi kwa Waziri Mkuu.

Na mbunge wa upinzani akisimama, hata akiwa mmoja kati ya mia tatu, mpe dakika zake zote. Asikatishwe na wenzake wanaosimama mara tano kusema "taarifa". Akisema waziri ameongopa, lichunguzwe kwanza alichosema waziri, ndipo ichunguzwe adabu ya aliyesema. Mwaka 2007 tulianza na adabu.

Kabla sijaweka saini, nina swali langu mwenyewe, nimeliandika kwa mtindo niliouzoea. Katika mtaa ninaoishi wananchi tulichanga, tukafyatua tofali, tukajenga boma la zahanati mpaka usawa wa lenta. Tuliahidiwa kwamba Serikali itapaua. Hiyo ilikuwa 2017, nikiwa bado kazini. Mwaka jana mvua iliangusha ukuta mmoja. Mke wa jirani yangu alijifungulia kwenye bajaji akipelekwa hospitali ya wilaya. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu. Nimempelekea swali hili mbunge wetu, na nakala nimempa mbunge mmoja wa upinzani wa mkoa mwingine, kwa sababu natumaini mmoja wao atapata nafasi.

"Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa zahanati hiyo?"

Tafadhali, kijana aliye kwenye dawati asikatiwe tarehe atakayoiandika.

Wenu katika utumishi,
Mtumishi wa umma mstaafu, Morogoro